Tovuti za hospitali zisomeke na wote: tuanze na tangazo na fomu ya miadi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na maafisa TEHAMA, maafisa habari na waganga wafawidhi wanaosimamia tovuti za hospitali na halmashauri hapa mkoani Tanga. Ratiba za kliniki, miadi, namba za malipo na matangazo ya chanjo yanazidi kuhamia mtandaoni, na hilo ni jema. Mgonjwa wa Handeni au Lushoto aliyepewa rufaa kuja Hospitali ya Bombo akiijua siku ya kliniki yake kabla ya kupanda basi, ameokoa nauli na ameokoa siku. Ila wapo wenzetu ambao uhamaji huo umewafungia mlango: asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, mtu ambaye mikono yake haimtii, mtu anayepata shida kufuata sentensi ndefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.3, anaishi na ulemavu mkubwa. Wengi wao ndio wanaoihitaji hospitali mara kwa mara.

Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya vizuizi hivi haisababishwi na uhaba wa fedha. Vinazaliwa siku kwa siku, pale tangazo linapopandishwa na pale fomu inapoundwa, na vinaweza kuondolewa na watu walewale walioko ofisini leo.

Tuanze na tangazo, maana hapo ndipo penye kidonda kikubwa. Tangazo huchapwa vizuri kwenye kompyuta, likatolewa kwenye karatasi, likasainiwa, likagongwa mhuri, likapigwa skani, mwishowe likapandishwa kama picha au PDF. Lilipokuwa kwenye Word lilikuwa na herufi. Likifika kwenye tovuti limebaki nukta za rangi tu. Mtu asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti: TalkBack kwenye simu za Android, VoiceOver kwenye iPhone, au NVDA kwenye kompyuta za Windows, ambayo ni ya bure. Programu hizo zinahitaji herufi. Zikikuta picha isiyo na maelezo, mara nyingi husoma jina la faili, na mgonjwa anayetaka kujua siku ya kliniki anasikia "IMG" na mlolongo wa tarakimu. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye ualbino, akilikuza tangazo hilo herufi zinageuka ukungu. Mwenye bando la kuungaunga anapakua megabaiti 8 kwa ajili ya maneno 60.

Tunajua kwa nini skani inapendwa. Mhuri na saini ndivyo vinavyolipa tangazo uzito, na mkuu wa kitengo hataki maneno yake yachezewe. Hofu hiyo ni halali na dawa yake ipo: maneno yote ya tangazo yabandikwe kwenye ukurasa wenyewe yakiwa maandishi, kisha chini yake kiwekwe kiungo cha nakala yenye mhuri kwa anayeihitaji. Maneno 200 ya Kiswahili hayafiki hata kilobaiti 2, na kazi yenyewe ni kunakili na kubandika.

Kama waraka ni lazima uwe PDF, basi utengenezwe moja kwa moja kutoka kwenye Word. Vichwa vya habari vipewe mtindo wa kichwa kutoka kwenye orodha ya mitindo; kukoleza wino peke yake kunamwonyesha anayeona, programu ya kusoma haioni tofauti yoyote. Wakati wa kuhifadhi kama PDF, fungua machaguo na uhakikishe kisanduku cha kuweka tagi za muundo wa waraka, yaani alama zilizofichika zinazoiambia programu kipi ni kichwa na kipi ni aya, kimewekwa alama ya vema. Usipitie njia ya kuchapa kwenda PDF kama vile unatuma kwenye printa, kwa sababu tagi hizo hupotea njiani na waraka unatoka mzuri kwa macho, bubu kwa masikio.

Mabango yanayotoka juu yakiwa tayari ni picha nayo yanatibika. Kila picha kwenye tovuti ina nafasi ya maelezo, mafundi huiita alt. Kosa la kawaida ni kuandika humo neno "tangazo" au "bango". Andika kinachosemwa: "Chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 na miezi 18, maelezo kamili yapo chini ya picha." Kisha chini ya picha andika maneno yote yaliyomo. Na picha za pambo, kama ua la kona au mstari wa rangi, zipewe alt iliyo tupu, yaani alama mbili za nukuu bila kitu ndani. Hapo programu inazipita. Ukiiacha nafasi hiyo bila kuiandika kabisa, ndipo jina la faili linaposomwa. Tofauti ya tupu na kutokuwepo ni ndogo kwenye msimbo, ni kubwa sana sikioni.

Jambo la pili ni dogo kiasi kwamba linasahaulika karibu kila mahali. Mwanzoni mwa kila ukurasa kuna sehemu inayotaja lugha ya ukurasa. Violezo vingi vya tovuti huja na lang="en", na fundi anabadilisha maneno yote kuwa Kiswahili akaiacha hiyo vilevile. Programu ya kusoma ikiona hivyo huchukua sauti ya Kiingereza na kuanza kuyatamka "mkojo", "chanjo" na "shinikizo la damu" kwa kanuni za Kiingereza. Hakuna anayeelewa. Badilisha iwe lang="sw". Sauti za Kiswahili zipo: Android ina ya kupakua, na NVDA huja na eSpeak NG, programu ya kutoa sauti ambayo inajua Kiswahili, ingawa sauti yake ni kavu. Kama kuna aya ya Kiingereza katikati ya ukurasa, aya hiyo peke yake ipewe alama yake.

Kuna na suala la saa. Ukurasa wa Kiswahili ukiandika "Kliniki ya kisukari 8:00 – 12:00", msomaji wa Kiswahili anasikia saa nane hadi saa kumi na mbili, naye atafika mchana akute milango imefungwa. Anayeona huenda akakisia kwa kuangalia mpangilio mzima wa ratiba. Anayesikiliza mstari mmojammoja hana cha kukisia, na mwenye ulemavu wa akili ndiye anayepotea zaidi. Andika "saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana". Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa kuwa 03/04 inasomeka kwa namna mbili.

Ratiba yenyewe kwa kawaida huwekwa kwenye jedwali, na jedwali si baya likijengwa sawasawa. Seli za juu na za pembeni ziwe seli za vichwa, si seli za kawaida zilizokolezwa rangi. Hapo mtu wa NVDA akishika Ctrl na Alt akatembea kwa vishale, anatajiwa "Jumatano, kliniki ya macho" kila anapohamia seli mpya. Seli zilizounganishwa ndizo zinazoharibu: ukiunganisha Jumatatu na Jumanne kwenye kisanduku kimoja, msikilizaji hajui tena yuko siku gani. Kwa maoni yetu ratiba ya wiki ni bora iandikwe kama orodha, siku kwa siku, kila siku ikiwa na kichwa chake. Watumiaji wengi wa programu hizi, zaidi ya theluthi mbili kwa tafiti za miaka ya karibuni za WebAIM, taasisi ya Marekani inayoshughulikia ufikivu wa tovuti, hutafuta kitu kwenye ukurasa mrefu kwa kurukaruka vichwa. Ukurasa usio na vichwa unawalazimisha wausikilize wote tangu mwanzo, pamoja na majina ya viongozi na salamu za ukaribisho.

Sasa fomu ya miadi. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtu anapokata tamaa akiwa amebakiza hatua moja.

Kila kisanduku kiwe na jina lake juu, limefungwa nacho kwa tagi ya label, ili kidole kikigusa kisanduku programu itamke "Namba ya simu". Mtindo wa kuandika jina ndani ya kisanduku kwa kijivu kilichopauka, halafu linatoweka mtu akianza kuchapa, unawaumiza watu wa aina tatu kwa mpigo: asiyeona, mwenye uoni hafifu, na mwenye kusahau haraka. Nyota nyekundu ya "lazima ujaze" ibadilishwe iwe neno "lazima".

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho zimetenganishwa kwa vistari: 8, 5, 5 na 2. Fomu nyingi hukataa vistari na nyingine hukataa namba isiyo na vistari. Kubali vyote viwili, kompyuta yenyewe ivitoe. Tena ishughulikiwe kama maandishi. JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za tovuti, hushika namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16, hivyo programu ikiigeuza namba ya NIDA kuwa hesabu, tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya. Anayeona anaweza kuligundua hilo kwa kutupa jicho. Asiyeona ataambiwa tu kwamba hapatikani kwenye mfumo. Namba za simu nazo zikigeuzwa hesabu hupoteza sifuri ya mwanzo. Tumia kisanduku cha maandishi chenye inputmode="numeric", simu italeta vitufe vya tarakimu bila madhara hayo. Na mtu aruhusiwe kuandika 07 au +255, apendavyo.

Tarehe ya kuzaliwa isichaguliwe kwenye kalenda ya kubofya. Bibi wa miaka 60 kwenye kalenda inayorudi mwezi mmojammoja anahitaji kubofya mara 720. Weka visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka, achape.

Fomu ikikataa, iseme kwa nini. Kukizungushia kisanduku mstari mwekundu ni kumwambia mwenye macho mazima peke yake. Asiyetofautisha nyekundu na kijani haoni, na TalkBack haisemi kitu. Ujumbe uandikwe kwa maneno, ukae jirani na kisanduku, ufungwe nacho kwa aria-describedby, sehemu ya msimbo inayoifanya programu ya kusoma itamke ujumbe pamoja na kisanduku, na ubonyezaji wa "Tuma" umpeleke mtu moja kwa moja kwenye kosa la kwanza. Ujumbe mzuri ni "Namba ya simu ina tarakimu 9, inatakiwa 10". Ujumbe mbaya ni "Taarifa si sahihi". Na kosa moja lisifute yote yaliyokwisha kujazwa. Anayechapa kwa kidole kimoja, au kwa kijiti kilichoshikwa mdomoni, hatarudia.

Vile vifumbo vya picha vya kuthibitisha kwamba wewe si roboti, herufi zilizopinda au "chagua picha zenye taa za barabarani", viondolewe kwenye tovuti ya afya. Kwa asiyeona ni ukuta. Kuzuia roboti kunaweza kufanyika upande wa seva: kuhesabu maombi yanayotoka sehemu moja kwa dakika, au kuweka kisanduku kilichofichwa ambacho binadamu hakioni wala programu ya kusoma haikifikii, roboti pekee ndiyo itakijaza. Namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa meseji inafaa, ila isife ndani ya sekunde 60. Mtu wa TalkBack anatoka kwenye ukurasa, anafungua meseji, anasikiliza, anakariri, anarudi. Mpe dakika 10, mruhusu kubandika, na ongeza autocomplete="one-time-code" ili simu imjazie yenyewe. Kwa kipindi kizima cha kujaza fomu, kanuni za kimataifa tutakazozitaja zinataka kwamba muda ukikaribia kuisha mtu aonywe, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, na aweze kuuongeza angalau mara 10.

Mwishoni inatoka namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Zikiandikwa mfululizo, programu ya kusoma inaweza kuzitamka kama mabilioni. Zitenganishwe nne-nne kwa nafasi, na pembeni kuwe na kitufe cha "Nakili" kinachotoa namba bila nafasi. Namba hiyohiyo itumwe na kwa meseji.

Tungependa fomu iulize jambo moja zaidi: "Siku ya miadi utahitaji msaada gani?" Majibu yawe ya kuweka alama: mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, kiti cha magurudumu, mtu wa kunipokea getini, maelezo kwa maandishi. Lakini tunaonya: swali hili likiwekwa bila njia ya kulifikisha jibu kwa muuguzi wa zamu na mlinzi wa getini, ni afadhali lisiwepo. Mtu atakuja akiamini mkalimani yupo. Kabla ya kuliweka, amueni ni nani atakayefungua orodha hiyo kila jioni na kupanga ya kesho.

Pia ukurasa wa "Tulipo" usiishie kwenye ramani. Andikeni kwa maneno: geti lipi lina njia ya mteremko badala ya ngazi, bajaji inaruhusiwa kufika wapi, choo cha wenye viti vya magurudumu kiko jengo gani, kutoka getini hadi mapokezi ni mita ngapi na kwa upande gani. Kwa wapangaji wa safari ya mtu mwenye ulemavu wa miguu, aya hiyo ina thamani kuliko picha zote za jengo.

Viziwi mara nyingi husahauliwa kwa hoja kwamba wanaona, kwa hiyo wanasoma. Kwa kiziwi aliyekua na Lugha ya Alama, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na sentensi ya mistari mitano yenye vitenzi sita inamchosha kama inavyomchosha yeyote anayesoma lugha ya kujifunza. Sentensi fupi zinamsaidia yeye na wazee wetu pia. Halafu kuna hili la mawasiliano: tovuti inayosema "kwa maelezo piga 199", au piga namba ya mapokezi, bila njia ya maandishi, imemfungia kiziwi. Wekeni namba ya meseji au WhatsApp inayojibiwa, na saa zinazojibiwa.

Video za Lugha ya Alama si lazima ziwe kwa kila ukurasa. Chagueni mada zisizosubiri: jinsi ya kupata miadi, malipo na bima, dalili za hatari kwa mjamzito, wapi pa kwenda usiku. Mkalimani asiwe kijisanduku cha kona. Vidole na uso vyote vionekane, maana uso ni sehemu ya lugha hiyo. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, nyuma kuwe tupu, na fremu ziwe 25 kwa sekunde, kwani zikipunguzwa mno mikono inaacha michirizi na ishara hazisomeki. Upana wa picha unaweza kupunguzwa ili kuokoa bando, fremu zisiguswe. Maandishi ya chini yaandikwe na mtu, yahakikiwe, hasa majina ya dawa na vipimo vyake.

Kuhusu rangi tutasema kifupi, maana inapimika kwa hesabu. Kanuni hizohizo za kimataifa zinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Tovuti zetu za umma zinapenda rangi za bendera, na ni haki yake. Lakini maandishi meupe juu ya kijani cha bendera, kile kinachochorwa kwa namba 1EB53A, yanapata 2.7 tu, juu ya buluu 00A3DD yanapata 2.9, juu ya manjano FCD116 hayafiki hata 1.5. Zote zimefeli. Badilisha maandishi yawe meusi: juu ya manjano yanaruka hadi 14, juu ya kijani na buluu yanavuka 7. Bendera imebaki, na mtu mwenye ualbino kwenye jua la Ngamiani anasoma. Vilevile toeni user-scalable=no kwenye msimbo, kile kinachozuia kukuza ukurasa kwa vidole viwili; hatujaona sababu hata moja ya kukiweka kwenye tovuti ya hospitali. Na picha za juu zinazojibadilisha zenyewe pamoja na maandishi yanayotembea, kama hayana kitufe cha kuyasimamisha, yaondoke.

Baadhi ya wauzaji huleta suluhisho la haraka: kibandiko kinachowekwa pembeni chenye vitufe vya A kubwa, A ndogo na geuza rangi, kwa malipo ya mwaka. Msinunue. Kibandiko hakiwezi kujua kilichoandikwa ndani ya picha ya skani, hakiwezi kubuni jina la kisanduku kisicho na jina kwa uhakika, na mara nyingine kinagombana na programu ambayo mtu asiyeona tayari anaitumia. Mwaka 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliiamuru kampuni moja inayouza vitu hivi ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba bidhaa yake inaifanya tovuti yoyote itimize kanuni. Fedha hiyo ni bora iwalipe watu wa kujaribu tovuti.

Na kujaribu hakuhitaji maabara. Chomoa mausi, kisha tembea kwenye fomu nzima kwa kitufe cha Tab peke yake. Kila unapofika pawe na mstari unaoonekana ukikuzunguka. Mafundi wengi huufuta kwa outline:none kwa sababu wanaona unaharibu sura. Ukikwama mahali, au ukirukishwa huku na huko bila mpangilio, hapo pana kosa. Kuza ukurasa hadi asilimia 400: maandishi yajipange upya kwenye safu moja, usilazimike kuvuta kulia na kushoto kusoma kila mstari. Kwenye simu ingia Mipangilio, Ufikivu, uwashe TalkBack, funga macho, uweke miadi hadi mwisho. Jifunze kwanza kuizima, kwa kawaida ni kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache, la sivyo utahangaika. Vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Kwa simu sisi tungeenda hadi 44.

Kisha pitisha ukurasa kwenye chombo cha bure kama WAVE. Kitakuonyesha rangi hafifu, visanduku visivyo na majina na picha zisizo na alt. Lakini kisikulevye. Mwaka 2017 wataalamu wa serikali ya Uingereza walitengeneza ukurasa wenye vizuizi zaidi ya 140 vilivyowekwa kwa makusudi, wakavipima vyombo vya aina hiyo. Kilichofanya vizuri zaidi kilikamata takriban asilimia 40. Chombo kinaona kwamba alt ipo, hakijui kama imeandikwa upuuzi.

Ndiyo maana hatua ya mwisho ni watu wenyewe. Vyama vipo: Chama cha Wasioona, CHAVITA kwa viziwi, vyama vya watu wenye ualbino na wenye ulemavu wa viungo, vyote chini ya mwavuli wa SHIVYAWATA. Waiteni watu watano wenye ulemavu tofauti, kila mmoja na simu yake aliyoizoea, wapewe kazi tatu: tafuta siku ya kliniki ya macho, weka miadi, pata namba ya malipo. Afisa akae kimya aandike wanapokwama, asiwaelekeze. Wapewe nauli na posho kama mtaalamu mwingine yeyote anayeitwa kwenye kikao. Fanyeni kabla tovuti haijazinduliwa, wakati bado kuna kinachoweza kubadilika.

Msingi wa kisheria upo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inataja teknolojia ya habari na intaneti waziwazi, na ya 25 inahusu afya. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hii tunaomba isomwe kwa jicho la mgonjwa: asiyeona akishindwa kufungua majibu yake mwenyewe, atampelekea kijana wa steshenari au jirani amsomee. Majibu ya VVU, ya ujauzito, ya magonjwa ya akili, yanasomwa kwa sauti na mtu ambaye hakupaswa kuyajua. Nenosiri lake nalo limeshajulikana. Siri ya mgonjwa imevunjwa, na hakuna mhudumu aliyekosea isipokuwa ukurasa.

Kanuni za kiufundi zenyewe zinaitwa WCAG, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, na daraja linalotumika kwa huduma za umma katika nchi nyingi ni AA. Mkataba wa kutengeneza tovuti ulitaje daraja hilo kwa jina, maana maneno "iwe rafiki kwa watu wenye ulemavu" hayapimiki na mzabuni atayatimiza kwa kuchora alama ya kiti cha magurudumu. Sehemu ya malipo, tuseme asilimia 10, izuiliwe mpaka jaribio la wale watu watano lipite. Kizuizi kinachomzuia mtu kuweka miadi kirekebishwe ndani ya siku 7 za kuripotiwa. Na tovuti iwe na ukurasa unaosema wazi ni sehemu zipi bado hazijakaa sawa, lini zitakaa, na mtu aliyekwama amwandikie nani.

Tovuti bora huharibika ndani ya miezi michache kama kila kitengo kinajipandishia chake. Kwa hiyo tunaomba kila hospitali iteue afisa mmoja mwenye mamlaka ya kurudisha tangazo lililokuja kama picha tupu, hata limetoka ofisi ya juu kiasi gani, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa likizo. Anayeleta tangazo alete faili la Word pamoja na ile nakala yenye mhuri. Matangazo yaliyoko sasa ambayo muda wake haujapita, hayo yaandikwe upya wiki hii kwa maandishi, kwa kuanzia na ratiba ya kliniki na namba ya meseji.

Ni sisi,
Mafundi wa tovuti na wakufunzi wa kompyuta kwa wasioona,
Tanga